Hewa ya Dunia changa ilitoka wapi: kometi ya barafu kavu, maji ya chokaa na kilo moja ya mchele

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sayansi, au mzazi mwenye meza ya jikoni, anayetaka watoto waone kwa macho yao jinsi Dunia ilivyopata hewa yake ya mwanzo. Vyanzo viwili hutajwa sana: gesi iliyofuka kutoka tumboni mwa Dunia kupitia volkeno, na gesi iliyoletwa na kometi, zile nyota zenye mkia. Mara nyingi hutajwa sambamba, mwanafunzi akaondoka anadhani kila kimoja kilileta nusu. Sivyo. Sehemu kubwa ilitoka ndani. Kometi zilileta maji kidogo sana, ila ziliacha alama yake katika gesi adimu kama zenoni, na alama hiyo bado ipo kwenye hewa tunayoivuta leo. Tenga vipindi viwili vya dakika 80, na jioni moja ya maandalizi.

Kwanza tenganisha maneno, maana hapa ndipo darasa hupotea. Kimondo ni jiwe au chuma kilichoanguka kutoka angani. Kometi ni mwili wa barafu, vumbi na makaa unaozunguka Jua kwa njia ndefu, na mkia wake huota unapokaribia joto. Mkoa wa Songwe una mifano miwili ya vimondo inayofaa sana. Kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16, ni chuma na nikeli, hakina maji ya kumpa mtu. Kile kilichoanguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938 kilikuwa na gramu 705 tu, lakini ni cha aina adimu sana, jiwe jeusi lenye maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Wanasayansi duniani kote huiita aina hiyo CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Vumbi ambalo chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta mwaka 2020 kutoka asteroidi Ryugu lilikutwa ni la ukoo huohuo. Likumbuke jina la Ivuna, tutalihitaji kwenye mchele.

Jioni ya kabla: maji ya chokaa

Chukua chokaa ya unga ya kupakia ukuta, vijiko 2 vya chai kwa lita 1 ya maji safi. Tikisa dakika 2, acha ituame usiku kucha. Asubuhi mimina polepole maji maangavu ya juu kwenye chupa nyingine na uifunge. Unga mwingi utabaki chini. Usidhani umekosea, chokaa huyeyuka kama gramu 1.7 tu kwa lita. Yajaribu kabla ya kipindi: weka kidogo kwenye glasi, puliza pumzi kwa mrija. Yakigeuka kama maziwa ndani ya dakika moja, yako tayari. Yasipogeuka, chokaa yako imekaa wazi muda mrefu, imekwisha kunywa hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Nunua nyingine. Asiyavute mtu kwa mrija wala yasimwingie machoni, yanaunguza.

Barafu kavu: kuinunua na kuibeba

Barafu kavu ni hewa ya ukaa (kaboni dayoksaidi) iliyogandishwa, yenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Huuzwa na viwanda vya gesi na hutumiwa na wasafirishaji wa samaki, aiskrimu na chanjo. Nunua kilo 2 siku ileile ya somo, uiweke kwenye boksi la thermokoli ambalo kifuniko chake hakibani. Hata ndani ya boksi zuri hupotea kilo kadhaa kwa siku, kwa hiyo ukinunua kilo 2 Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu utafungua boksi tupu.

Usiifunge kamwe ndani ya chupa, jagi la kubana au chupa ya chai. Kilo moja hugeuka kuwa lita 540 hivi za gesi, na chombo kilichofungwa hupasuka kama bomu. Usipande nayo daladala au matatu. Kwenye gari dogo fungua madirisha.

Darasani, piga hesabu. Chumba cha mita 7 kwa 8 kwa 3 kina mita za ujazo 168. Kilo moja ikiyeyukia humo bila dirisha, hewa ya ukaa hupanda kwa sehemu 3,250 katika kila milioni. Kilo mbili zitavuka 5,000, kiwango ambacho sheria nyingi za kazini hazikiruhusu kwa siku nzima. Fungua madirisha yote na mlango, na mtoto yeyote asiketi sakafuni, kwa sababu gesi hii ni nzito na hujikusanya chini. Watu wa Goma wanaijua vizuri: huiita mazuku, gesi ya volkeno inayolala mabondeni na kuua mbuzi, mbwa na hata watu wanaopita humo. Usitegemee mshumaa kukuonya. Mtu huzidiwa na hewa ya ukaa kabla mshumaa haujazimika.

Kutengeneza kometi

Kwa kometi moja ya ukubwa wa nazi iliyofuliwa unahitaji maji nusu lita, barafu kavu iliyopondwa vikombe 2 hadi 3, mchanga au udongo vijiko 2 vya chakula, unga wa makaa kijiko 1, molasi kijiko 1, na ukipenda matone machache ya amonia ya kusafishia. Hakuna kilichowekwa kwa urembo. Mchanga ni vumbi la mawe. Makaa na molasi ni michanganyiko ya kaboni. Amonia imekutwa kwenye kometi za kweli. Uso wa kometi ya Halley huakisi asilimia 4 tu ya mwanga, mweusi kama makaa, kwa hiyo usipunguze makaa ili kometi ipendeze.

Tandika kipande cha turubai la plastiki ndani ya beseni. (Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, na turubai ni imara zaidi hata hivyo.) Mimina maji, mchanga, makaa, molasi na amonia, ukoroge kwa mwiko. Vaa glavu nene za ngozi na miwani ya kukinga macho. Glavu nyembamba za mpira hazifai, ubaridi hupenya. Funga barafu kavu kwenye taulo, iponde kwa nyundo mpaka vipande vikubwa viwe kama punje za mahindi. Imwage yote kwa mkupuo huku ukikoroga kwa kasi. Mchanganyiko ukianza kuwa mzito kama ugali unaoiva, acha mwiko, kusanya pembe za turubai na ulifinye kutoka nje kama unayeviringa donge. Hesabu hadi 60. Fungua.

Ikimomonyoka, ulipunguza maji au vipande vya barafu vilikuwa vikubwa. Ongeza maji vijiko viwili na ufinye tena. Ikibaki uji, barafu haikutosha. Ongeza nusu kikombe. Ikigandia beseni, ulikoroga taratibu mno.

Sasa iweke juu ya sinia watoto waitazame kwa karibu. Ganda jeusi linapasuka, na kwenye mpasuko huchomoza mchirizi mwembamba wa moshi mweupe unaotoka kwa nguvu, upande mmoja tu, halafu mwingine. Kamera za Rosetta, chombo cha Ulaya kilichotumwa kuchunguza kometi, ziliona michirizi ya namna hiyo kwenye kometi 67P, iliyogunduliwa mwaka 1969 na Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko.

Hapa kuna makosa mawili ya kusahihisha papo hapo. Ule ukungu mweupe si hewa ya ukaa, ambayo haionekani. Ni unyevu wa hewa ya darasa uliogandishwa na ubaridi. Na kwenye donge lako ni barafu kavu inayofuka, maji yamekaa tu yakiishikilia. Kwenye kometi halisi iliyo mbali sana na Jua ndivyo ilivyo pia, lakini ikikaribia Jua ndani ya umbali wa mara tatu wa Dunia, barafu ya maji nayo hufuka, na ndiyo inayoongoza.

Chupa ya soda badala ya volkeno

Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikiwa chini sana hushikilia gesi kwa sababu imebanwa. Ikipanda, mgandamizo hupungua na mapovu hutokea: hewa ya ukaa hutoka mapema, kina kikiwa kirefu bado, mvuke wa maji hufuata karibu na uso. Chupa ya soda ya mililita 500 hufanya vilevile bila moto.

Ipime chupa iliyofungwa kwenye mizani inayosoma gramu 0.1. Fungua, vika puto mdomoni haraka, tikisa kwa upole dakika 5, kisha isimamishe kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 hivi. Puto litajaa lita moja au zaidi. Libane shingo, livue na ulifunge, halafu pima chupa na kifuniko chake. Itakuwa imepungua gramu 2 hadi 3. Ikipungua chini ya gramu 1, gesi ilikimbia kabla puto halijavikwa, au soda ilikuwa imekwisha kuchacha.

Usipime chupa ikiwa na puto lililojaa. Puto la lita moja husukuma hewa ya gramu 1.2 na kubebwa nayo, hivyo mizani itaonyesha upungufu hata kama hakuna gesi iliyotoka. Kosa hili huwachanganya hata watu wazima, kwa sababu jibu linalopatikana linafanana na lililotarajiwa.

Wanafunzi wakiuliza volkeno hutoa nini, jibu kwa mpangilio: mvuke wa maji mwingi, kisha hewa ya ukaa, gesi za salfa, na kidogo haidrojeni, naitrojeni na asidi za klorini. Oldoinyo Lengai iliyo karibu na Ziwa Natron hutoa lava ya kaboneti yenye nyuzi 500 hadi 600 tu, baridi kuliko lava yoyote nyingine inayotoka leo. Ziwa Kivu limehifadhi kilindini kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 za methani. Kupumua huku hakujakoma.

Gesi mbili, jibu moja

Tia kwenye chupa tupu kipande cha kometi, au cha barafu kavu, chenye sentimita 1 kila upande. Vika puto; utapata kama lita 0.8. Sasa una maputo mawili, la kometi na la volkeno. Pitisha kila moja kwa mrija kwenye glasi yake ya maji ya chokaa, polepole. Zote mbili zitakuwa maziwa.

Waache wanafunzi waone ugumu huo. Gesi haina kitambulisho. Molekuli ya hewa ya ukaa iliyoshuka na kometi na ile iliyopanda na lava ni kitu kimoja kwa mkemia. Ukiendelea kupuliza dakika kadhaa, maziwa yatapotea na maji yatakuwa maangavu tena, kwani kaboneti imegeuka bikaboneti inayoyeyuka. Simama mapema.

Ule weupe ni jiwe la chokaa, jiwe lilelile la matumbawe lililojengea nyumba za Mji Mkongwe, na ndugu wa lile linalochimbwa Wazo kwa ajili ya saruji. Baada ya Dunia kupoa na mvua kujaza bahari, hewa ya ukaa iliyofuka ilizama baharini na kufungwa mawe namna hii. Zuhura haikubaki na bahari. Hewa yake ya ukaa ilibaki juu, na leo inabana mara 92 ya hewa yetu. Dunia ina kiasi kinachokaribia hicho, ila imelala ndani ya mawe.

Anayetaka uthibitisho amkumbuke mchoma chokaa wa pwani. Anapanga magogo, anaweka matumbawe juu, anawasha. Katika kila kilo 1 ya jiwe safi, gramu 440 huondoka kama hewa ya ukaa. Tanuri lake ni volkeno ndogo. Kisha chokaa hiyo ikipakwa ukutani hunywa gesi ileile polepole na kuwa jiwe upya, kama bahari ilivyofanya.

Kilo moja ya mchele

Kama kemia haitofautishi, hesabu atomi. Haidrojeni ina ndugu mzito, dyuteri. Uwiano wa dyuteri kwa haidrojeni hubaki kama alama ya kuzaliwa ya maji. Katika bahari zetu ni 156 kwa milioni.

Hesabu punje 500 za mchele mrefu, zipime. Mara nyingi huwa gramu 10 hivi, yaani kilo moja ina punje 50,000. Paka wino mweusi wa kudumu punje 30, zikauke.

Tia punje nyeusi 1 kwenye kilo: huo ni uwiano wa wingu la gesi lililozaa Jua. Ongeza 6, zifike 7: hapo ni Ivuna na jamii yake. Ongeza 1, zifike 8: bahari ya Hindi na nyingine zote. Ongeza 18, zifike 26: ndivyo Rosetta ilivyopima 67P mwaka 2014.

Katika kila hatua mwaga kilo yote kwenye ungo au masinia, watoto wachambue kama wanavyochambua mchele nyumbani, wakitafuta nyeusi. Usiwaruhusu wachote kikombe kimoja na kukisia. Gramu 200 za mchele wa bahari zitatoa punje 1 au 2, wakati mwingine hakuna, na kundi litaapa kwamba bahari haina dyuteri. Vyombo vya angani navyo husumbuliwa na uchache huohuo.

Ivuna 7, bahari 8. Kwa nini usimalize hapo? Kwa sababu kometi hazifanani. Halley ilipimwa kama punje 15 au 16. Hartley 2, ambayo kipimo chake cha darubini ya Herschel kilichapishwa mwaka 2011, ilitoka 8 kamili, sawa na bahari. Na uchambuzi wa 2024 wa data zilezile za Rosetta umeonyesha kwamba vumbi karibu na chombo lilipandisha kipimo cha 67P, cha kweli kikiwa karibu nusu.

Hesabu ya ukurasa mmoja

Uzito wa hewa: zidisha mgandamizo wa hewa (paskali 101,325) kwa eneo la Dunia (mita za mraba 5.1 × 10¹⁴), gawa kwa mvutano wa Dunia, 9.81. Utapata kilo 5.3 × 10¹⁸. Thamani inayokubalika ni 5.15 × 10¹⁸. Tofauti imetokana na milima, ambayo imechukua nafasi ya hewa ya chini.

Bahari zina kilo 1.4 × 10²¹. Kometi 67P ina kilo 10¹³. Ikichukuliwa kuwa nusu ni maji, utahitaji kometi milioni 280 za ukubwa wake. Kwa mawe ya aina ya Ivuna yenye maji asilimia 10, inatosha kilo 1.4 × 10²², ambazo ni asilimia 0.23 tu ya uzito wa Dunia. Hata vimondo vikavu vya madini ya enstatiti, vinavyofanana sana na malighafi ya Dunia, vilionekana mwaka 2020 kuwa na haidrojeni ya kutosha kujaza bahari angalau mara tatu. Maji yalikuwa ndani tangu ujenzi.

Sasa mchanganyiko: tuseme maji ya bahari ni ya Ivuna na ya kometi pamoja, na uwiano wa dyuteri uuandike kwa kila 10,000, yaani bahari 1.56. Sehemu ya kometi = (bahari − Ivuna) ÷ (kometi − Ivuna). Kwa 67P ya awali: (1.56 − 1.4) ÷ (5.3 − 1.4), asilimia 4. Kwa 67P iliyosahihishwa ya 2.6: asilimia 13. Kwa Hartley 2 ya 1.61: asilimia 76. Hapa wanafunzi wengi hudhani wamekosea kuhesabu. Hawakukosea. Namba mbili zikikaribiana, kigawanyo huwa kidogo mno na jibu hurukaruka. Dyuteri peke yake haikati shauri.

Linalokata ni gesi adimu, ambazo haziungani na kitu na hivyo hazipotezi kumbukumbu. Mwaka 2016 Rosetta ilishuka karibu na 67P na kupima zenoni yake. Ilikuwa na upungufu wa isotopu nzito (atomi za zenoni zenye uzito mkubwa zaidi), upungufu uleule ulio kwenye hewa ya Dunia ambao mawe pekee yalishindwa kuueleza. Hesabu iliyochapishwa 2017 ikatoa asilimia 22 ya zenoni ya hewa yetu kuwa ya kometi. Lakini kometi zina gesi adimu nyingi mno kwa kila lita ya maji yake, kiasi kwamba kometi zilizotosha kuleta zenoni hiyo zilileta pungufu ya asilimia 1 ya maji ya bahari.

Upande wa pili shahidi ni agoni. Ni asilimia 0.93 ya hewa, na 99.6 kwa mia yake ni agoni-40, inayozaliwa potasiamu-40 ikioza ndani ya mawe, nusu yake kila miaka bilioni 1.25. Hakuna kometi iliyoileta. Imefuka yote kutoka chini, na pumzi moja ya nusu lita ina mililita 4 na zaidi.

Kuna hesabu moja inayofaa kuachiwa kidato cha juu. Volkeno za leo hutoa takriban tani milioni 300 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Zidisha kwa miaka bilioni 4.5: kilo 1.35 × 10²¹, mara 260 ya hewa yote iliyopo, na kupita hata ile iliyofungwa kwenye chokaa. Haiwezekani, mpaka ukumbuke kwamba sakafu ya bahari huzama tena chini pamoja na chokaa yake, na gesi ileile ikatapikwa upya.

Oksijeni usiihesabu kwenye mizani yoyote kati ya hizi. Ilianza kujaa miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, kazi ya bakteria wanaotumia mwanga wa Jua.

Mkimaliza, barafu kavu iliyobaki iache nje kwenye boksi wazi, mbali na watoto na wanyama, mpaka iishe. Usiitupe kwenye sinki, hupasua mabomba, wala usiitie kwenye friji. Maji ya chokaa yaongezee maji mengi na uyamwage shimoni. Mchele usipikwe, uweke kwenye chupa yenye lebo pamoja na majani makavu ya mwarobaini, na uandike idadi ya punje nyeusi zilizomo, maana fukusi akila hata moja, bahari ya mwaka ujao itageuka Ivuna.